Ardhi Ilitikisika, Wakaita Jina Lako

Riruta, Nairobi
Jumapili ya mwisho ya Julai

Mama Nekesa wangu,

Jumapili iliyopita ardhi ilitikisika, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikuwa na mtu wa kumuuliza, "Umesikia?"

Nilikuwa nimetoka kanisani, nimekaa kwenye kiti chako kando ya dirisha, navua viatu. Kwanza vikombe viligongana kabatini. Halafu pazia likaanza kucheza ilhali hakukuwa na upepo. Niligeukia jikoni, mdomo uko wazi tayari, na jikoni hakukuwa na mtu. Lile swali nikalimeza. Nikaingia chini ya meza kama ulivyotufundisha, na kulipotulia nikatoka nje na kiatu kimoja.

Mama Mutua alikuwa ameshasimama kwenye kamba za kuanikia nguo, mbali na mnara wa tangi la maji, anaita nyumba moja moja. Unajua anavyoita, kama mtu anayefukuza ndege shambani.

"Mama Otieno!"

"Tuko!"

"Mama Wanjiku!"

"Tuko! Lakini chapati zangu zimeungua!"

"Umeungua wewe au chapati? Mama Nekesa!"

Mama Mutua akajishika mdomo. Nyumba zetu huitwa kwa majina ya akina mama, wewe ndiye uliyeanzisha utaratibu huo, na ulimi hauna habari za mazishi. Nilimwona machozi yakimjaa. Kwa hiyo nikajibu haraka, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Tuko!"

Nyumba hujibu kwa wingi, ndivyo ulivyosema. Nilikuwa peke yangu.

"Woi, Baba Nekesa," akaniambia, "nisamehe. Limenitoka tu."

"Hakuna neno, mama. Umeita vizuri."

Tangu hapo sijatulia. Ndiyo maana nakuandikia. Nashona mguu mmoja wa suruali, nasimama. Nakwenda mlangoni, narudi. Nikiendesha cherehani meza inatetemeka, nami naisimamisha ili nisikilize kama ni cherehani au ni kitu kingine. Lori likipita Naivasha Road nashika ukuta. Wateja wameanza kuniuliza kama nina malaria.

Unakumbuka mwaka ule ardhi ilipotetemeka siku baada ya siku? Nekesa alikuwa darasa la tatu. Mjini watu walimwagika kutoka maghorofani wakajaa barabarani, wengine na tai zao, wengine na vikombe vya chai mkononi, wote wanatazama juu kana kwamba tetemeko linatoka mbinguni. Mimi nilikuja nyumbani nikaanza kufunga mizigo. Nilitaka tupande basi la Bungoma siku hiyo hiyo. Wewe ulikuwa unasahihisha madaftari ya wanafunzi wako. Hukuinua hata kichwa.

"Baba Nekesa," ukasema, "kwani Bungoma imejengwa juu ya nini?"

Kisha ukamtoa Nekesa chini ya meza, alipokuwa amegoma kutoka tangu asubuhi, ukachukua mabaki ya vitambaa kwenye kikapu changu na kutufundisha sote wawili. Nilisoma mpaka darasa la nane tu, lakini somo lile ninalo mpaka leo.

Uliweka vipande viwili mezani ukavisukuma vikakutana, vikajikunja katikati. Ulisema chini yetu kuna mabamba makubwa ya mwamba, na kuna nchi ambako mabamba hayo husukumana hivyo, milima ikainuka, na matetemeko ya huko ndiyo makali kuliko yote. Yakitokea chini ya bahari hata maji husimama yakaja nchi kavu. Kisha ukavipitisha kando kwa kando. Hapa, ukasema, hakuna kinachopanda wala kushuka, vinasuguana, vinakwama, halafu siku moja vinaponyoka. Pale vinapoponyoka ndipo watu wanaposikia.

Mwisho ukachukua suruali ya mteja niliyokuwa nimeishikiza kwa uzi wa muda, ukampa Nekesa mguu mmoja na mimi ukanipa mwingine.

"Vuteni. Polepole."

Tukavuta. Nyuzi zikaanza kukatika, ta, ta, ta.

"Hili ni Bonde la Ufa," ukasema. "Sisi hatusukumwi, tunavutwa. Mshono wetu unaachia. Kila uzi ukikatika, tunatikisika kidogo. Mara moja moja hukatika nyuzi nyingi pamoja."

Nekesa akauliza mshono wote utaachia lini. Ukamwambia hata wajukuu wa wajukuu wake watakuwa wameshazeeka na kufa. Alifurahi kama aliyepewa peremende! Mimi nilibaki na suruali ya kushona upya, na mteja alikuwa mlangoni.

Ukatuambia na zile aina nyingine. Ukafunika uji kwenye sufuria, ukatuonyesha jinsi kifuniko kinavyorukaruka, ukasema ndivyo ardhi inavyotikisika moto wa volkeno unapopanda chini ya milima kama Longonot. Kuna tetemeko la pango au mgodi unaoporomoka kwa ndani, hilo ni dogo na halifiki mbali. Na kuna la binadamu, la baruti, kama lile lililomwangusha kuku wa dada yako kutoka kwenye kijiti alicholalia tulipomtembelea karibu na machimbo ya mawe.

"Kwa hiyo mkisikia mtikisiko," ukasema, "msipige mayowe tu. Muulize ni wa aina gani."

"Kwanza tuulize?" Nekesa akasema.

"Kwanza uingie chini ya meza. Ukitoka, ndipo uulize."

Ulikuwa mwalimu hata ukiwa na aproni. Siku iliyofuata ulitutembeza ploti nzima, mlango kwa mlango. Ulisema ardhi haina ugomvi na mtu, hatari ni kile tulichokiweka juu yake. Ukatuonyesha tangi la maji juu ya mnara wa vyuma vyembamba, ukasema hapo asikimbilie mtu. Ukatuonyesha mtungi wa gesi, ukasema baada ya kutikisika huja moto. Ukamlazimisha mwenye ploti kuubomoa ule ukuta wa mawe uliokuwa umeinama juu ya choo, naye akakuita mama wa maneno mengi, lakini akaubomoa. Ulijua pia ya mbali. Ulisema kwenye miteremko kama ya kwetu chini ya Elgon ni udongo utakaoshuka na nyumba, hasa mvua ikiwa imenyesha. Kando ya mto, penye udongo laini, mtikisiko hucheza kuliko penye mwamba. Kule bondeni hata mvua kubwa peke yake hufunua nyufa ambazo majivu ya volkeno yalikuwa yamezifukia, na watu hulaumu tetemeko ambalo halikuwapo.

Nilipenda kwenda nawe Ngara kununua vitambaa, lakini hukuwa mtu wa kutazama nguo madirishani. Ulikuwa unatazama nguzo. "Nairobi haitikisiki sana wala mara nyingi," ulikuwa ukisema, "na hilo ndilo linaloniogopesha. Watu wanajenga kama vile haitatikisika kamwe." Nilikuwa nakuvuta mkono tusigongwe na mikokoteni.

Na chaki yangu, je? Ulipoona ufa kwenye ukuta wa jikoni, nyuma ya jiko, uliniomba ile chaki bapa ya kuchorea nguo. Ukachora mstari mfupi pale pale ufa ulipoishia. "Ufa ukibaki ndani ya mstari, ni plasta ya mafundi wavivu," ukasema. "Ukiuvuka mstari, nyumba inasema kitu." Kila ulipokuwa ukipika ulikuwa unainama kuutazama, kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. Haukuvuka.

Sasa nikwambie habari ya Nekesa, maana ndiye aliyeniweka roho juu.

Wajua alihamia Ngara alipokuwa akifanya kazi mjini. Ulipoondoka, duka lao la dawa likampeleka Karen. Karen na Riruta ni majirani, ungefikiri atarudi nyumbani. Hakurudi. Kila jioni anatoka Karen, anapita karibu na mlango wa mama yake, anakwenda kulala mbali. Akija kunitembelea anakaa nje kwenye kamba za nguo, anakunywa chai akiwa amesimama, anasema ana haraka. Nikasema ni ujana, mji umemnogea.

Mwezi wa tano nilimpelekea gunia la mahindi kutoka nyumbani. Nilipoliweka chini ili nipumzike, pale chini ya ghorofa, nikaona ufa kwenye nguzo. Umelala mshazari, mwembamba, unapanda. Nilimwambia mara ngapi ahame! "Baba, wewe siku hizi unaogopa mpaka kivuli," ananiambia. "Hilo jengo limekaa miaka." Nami nikaanza kujishuku. Nilisema labda ni kweli, labda ni msiba unaotetemeka ndani yangu, na mimi nausingizia nguzo.

Jumapili ile, baada ya Mama Mutua kuita, nilimpigia simu.

"Umesikia?"

"Nini, Baba? Hilo lilikuwa lori."

"Lori gani linalopita Riruta na Ngara kwa wakati mmoja?"

Akacheka. Lakini hakikuwa kicheko chake. Wewe na mimi tunakijua kicheko chake, huanzia puani.

Jumatatu nilifunga kibanda, nikatia chaki mfukoni, nikaenda Ngara. Nilitaka kuchora mstari wako kwenye nguzo ile, nimwonyeshe baada ya wiki chache, ili aone kwamba sisemi kwa woga. Pale chini kuna mama anayeuza mabeseni kwa jumla, na mtunza jengo ambaye hukaa kwenye kreti la soda siku nzima. Nilipopiga magoti mbele ya nguzo wakaanza.

"Mzee, hapo si madhabahu," mtunza jengo akasema.

"Napima tu."

"Unaishonea suti?"

"Mwache," yule mama akasema, "huenda nguzo ina harusi Jumamosi. Mzee, usisahau na tai yake!"

Nilicheka nao. Kisha nikainama vizuri, nikafuata ufa kwa kidole mpaka juu, na mkono wangu ukasimama.

Palikuwa na mstari tayari. Mwembamba, mwekundu, unang'aa kidogo. Rangi ya kucha, Mama Nekesa. Ile nyekundu aliyopaka Krismasi, ukamtania kwamba inaonekana amechinja kuku kwa vidole. Ufa ulikuwa umeuvuka. Juu yake kuna mstari wa kahawia, ile rangi aliyokuwa nayo tulipokwenda kukuzika, naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono na sikuweza kutazama kitu kingine. Huo nao ufa ulikuwa umeuvuka. Juu yake kuna wa samawati, mpya kabisa. Ufa ulikuwa umeupita kiasi cha ukucha.

Mtoto wako alikuwa anajua. Alikuwa ameuchunga ufa ule tangu ulipokuwa hai, peke yake, kwa namna yako, na kuniambia naogopa kivuli.

Nilipanda ngazi. Zamu yake siku hiyo ilianza mchana, kwa hiyo nilimkuta. Nyuma ya mlango wake paliningʼinia tochi na filimbi. Kabati lilikuwa limepigiliwa ukutani. Chini ya meza hapakuwa na kitu ila mto mmoja. Alinitazama, akatazama chaki iliyokuwa bado mkononi mwangu.

"Umeona," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimeona rangi yako ya Krismasi."

Akakaa kitandani. "Baba, ule ufa naujua kuliko mwenye nyumba. Nilimwonyesha, akasema ni plasta. Nilikuwa natafuta kwingine, kwingine kokote. Lakini wewe unaniambia nije Riruta, na Riruta siwezi. Nikifika mlango wa jikoni, nikaona Mama hayupo, miguu inaanza kutetemeka. Hilo ni la aina gani? Mama hakutufundisha hilo."

Nilitamani ungekuwa pale na vitambaa vyako. Nikamwambia tu ukweli, kwamba mimi pia nalisikia, kwamba lori likipita nashika ukuta, kwamba nasimamisha cherehani ili nisikilize, na kwamba mara nyingi siwezi kujua kama ni ardhi au ni mimi.

"Kumbe?" akasema.

"Kumbe."

Tukatazamana kama watu waliokutana kwenye benchi la hospitali bila kujua kwamba wote wana mgonjwa. Kisha nikamwambia, "Basi nitalitoa jiko. Tutapikia sebuleni, hutapita jikoni kabisa."

"Sebuleni? Na mtungi wa gesi karibu na mapazia? Baba, Mama angefufuka atupige."

Hapo ndipo kicheko kilipoanzia puani.

Alikubali kurudi Riruta, lakini hatukuondoka mara moja. Nekesa alisema haiwezekani tutoe godoro lake tuwaache watu chini ya nguzo. Tulishuka tukamwita mtunza jengo, akaonyeshwa mstari mmoja mmoja na kuambiwa kila rangi ni ya lini. Alipofika ule wa samawati hakutania tena. Alitia kidole kwenye ufa, akakitoa, akakifuta kwenye suruali. Yule mama wa mabeseni alianza kupanga mali yake upande wa pili wa barabara bila kungoja mtu amwambie. Kisha Nekesa akapanda ngazi, mlango kwa mlango, akiita kama Mama Mutua. Wengine walitoka kutazama, na jioni ile ile familia ya chini yake ikahama. Wengine walisema kodi ya mwezi wameshalipa na kwamba sisi tumetiwa wazimu na tetemeko. Kuna mwanamume aliyefunga mlango kabla Nekesa hajamaliza neno. Nekesa amepeleka picha za ufa kwenye ofisi ya serikali inayohusika na majengo, wakasema watakuja kukagua. Mpaka leo hawajafika. Jengo bado limesimama, na ndani yake bado kuna watu. Siwezi kukudanganya kwamba hilo limenitoka moyoni. Kila simu ikilia nadhani ni Ngara. Kesho tutarudi tena, mimi na yeye, kuita upya.

Lakini leo asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu dirishani nikasikia kitasa cha mlango wa jikoni. Sikugeuka. Nilibaki na povu shavuni, nikisikiliza. Alisimama pale muda mrefu. Kisha hatua. Kisha jiko likaburutwa sakafuni, sauti ile ile uliyokuwa ukiifanya ulipofagia nyuma yake.

"Baba," akaniita. "Njoo uone."

Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko. Mstari wako wa chaki ulikuwa umefifia, ukiujua tu ndipo unauona. Na ufa ulikuwa pale pale ulipouacha, ndani ya mstari. Haukusogea kwa tetemeko lile, wala kwa miezi hii yote ambayo mimi nilidhani nyumba nzima imepasuka. Nekesa alikuwa na kichupa chake cha rangi nyekundu. Akapitisha brashi polepole juu ya chaki yako, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, ulimi nje kidogo kama alivyokuwa akiandika alipokuwa mdogo. Mkono ulimtetemeka. Hatukuuliza ni wa aina gani. Kisha akapika chai, nasi tukainywa mle mle jikoni.

Mchana Mama Mutua alikuja na sahani ya muthokoi, yale mahindi yake ya kukobolewa na maharagwe, akitafuta maneno tangu mlangoni. Mwishowe akasema, "Nimekuja kuuliza. Ardhi ikitikisika tena, hii nyumba niiteje? Sitaki kuwaumiza."

Nilifungua mdomo, lakini Nekesa alinitangulia.

"Uite Mama Nekesa," akamwambia. "Tutajibu."

Basi pumzika, mwalimu wangu. Bado nitakuwa nasimamisha cherehani na kusikiliza, sidhani kama hilo litaisha upesi. Lakini sasa yupo mtu wa kumuuliza kama amesikia. Nami nina ombi moja tu kwako. Huko uliko, kama mnaitana nyumba kwa nyumba, na ikaitwa nyumba yetu, utukumbuke sisi wa Riruta, na utujibie kwa wingi.

Mume wako,
Baba Nekesa